SAMADI, MAJI YA KIJANI NA PUMZI YA SAMAKI



Je, umepata kwenda kwenye bwawa lako alfajiri ukawakuta samaki wamepanda juu ya maji, midomo wazi, kama watu waliokosa pumzi? Ukiona hivyo usidhani ni njaa, wala usiwatupie chakula. Samaki wako wamo hatarini, na huenda mkono wako mwenyewe ndio uliowaletea hatari hiyo. Soma maneno haya upate kujua sababu yake.

HEWA YA UKAA NI NINI?

Hewa hii waijua, hata kama hujui jina lake. Tazama mtungi wa pombe ya asali inayochachuka: mapovu yanayopanda yamejaa hewa ya ukaa. Watu wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo huitengeneza kwa makusudi. Hutia sukari, maji na hamira katika chupa, kisha hewa inayotoka huipitisha kwa mpira mwembamba mpaka ndani ya tangi. Wafanya hivyo kwa sababu mimea ya majini, kama mahindi yako shambani, hujenga mwili wake kwa hewa ya ukaa na mwanga wa jua.

Wewe huna haja ya chupa wala sukari, maana unalo zizi. Samadi ikioza majini hutoa hewa hiyo hiyo, tena huongeza rutuba. Mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, huistawia na kuyageuza maji kuwa ya kijani. Samaki aina ya tilapia huila mimea hiyo. Basi maji ya kijani ni malisho yao, kama nyasi zilivyo malisho ya ng'ombe.

KIPIMO CHA SAMADI

Tia gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita moja ya mraba, kila wiki. Bwawa la mita 20 kwa 15 litapata kilo 15 kwa wiki. Usiitapanye ovyo. Jenga uzio wa fito katika pembe ya bwawa, uchukue sehemu moja ya kumi ya eneo lake, uweke samadi humo na kuikoroga mara kwa mara.

Kisha pima kwa mkono wako. Uzamishe majini wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kukuelekea, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Ikiwa kiganja chaonekana vizuri bado, ongeza samadi kidogo. Ikiwa chapotea hapo hapo, maji yako ni mazuri. Ikiwa kimepotea mapema, maji yamekuwa kijani mno. Acha kutia samadi.

Lakini usidanganywe na matope. Udongo mwekundu wa Machakos ukichukuliwa na mvua hadi bwawani, huzuia jua, na mimea haikui hata ukitia samadi. Chimba mfereji wa kuyapisha maji ya mvua kando, na upande nyasi kwenye kingo.

HATARI YA USIKU

Mchana mimea huitumia hewa ya ukaa na kutoa oksijeni, ambayo ndiyo pumzi ya samaki. Jua likizama kazi hiyo hukoma. Usiku mimea yenyewe hupumua kama mnyama, na samadi huendelea kuoza. Vyote viwili hula oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya kuliko zote, hasa baada ya siku za mawingu kama zile za mwezi wa Julai. Siku hizo punguza samadi. Mwenye tamaa anayetia samadi ya mwezi mzima kwa siku moja aweza kupoteza samaki wote kwa usiku mmoja.

Ukiwakuta samaki wakitweta, fanya hivi:

1. Usitie samadi wala chakula.
2. Toa samadi iliyomo ndani ya uzio.
3. Ingiza maji safi, yakianguka kutoka juu.
4. Kama huna maji ya kuongeza, chota maji ya bwawa kwa debe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka jua lipande.

Usirudie samadi mpaka samaki wamekaa siku kadhaa bila kutweta.

BWAWA NI SHAMBA

Kituo cha Serikali cha samaki kule Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 wananchi walihimizwa sana kuchimba mabwawa. Mengi yaliachwa baadaye. Mwaka 2009 Serikali ilianza tena kuwasaidia wakulima kuyachimba. Kuchimba peke yake hakutoshi. Bwawa lataka kutunzwa kila wiki kama shamba jingine lolote.

Nawe uliye katika skimu, iwe Vilima vya Mua au kwingineko Ukambani, wajua thamani ya kila debe la maji. Ukipunguza maji ya bwawa, usiyamwage bure. Yamwagilie sukuma wiki, kisha uipike vizuri kabla ya kula.

Mwulize Bwana Samaki wa kwenu akuonyeshe kipimo cha mkono. Kisha amka mapema kesho, ukaangalie samaki wako wanavyopumua.