Kutoka Karai la Chipsi hadi Tangi la Gari

Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea, yakiwemo mawese ya Kongo, yawe mafuta ya injini. Mwaka uliofuata basi la abiria liliyatumia kati ya Brussels na Louvain. Kanuni yake ndiyo tunayoifuata hadi leo, ila sasa tunaanzia kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa.

Mafuta ya kupikia ni mazito mno kwa injini ya dizeli. Hayanyunyiziki vizuri, na masizi hujaa. Uzito huo unatokana na umbile lake: minyororo mitatu ya asidi za mafuta imeshikana na gliserini. Ukitia methanoli pamoja na kostiki (soda kostiki), methanoli huchukua nafasi ya gliserini, na minyororo hubaki mmoja mmoja, myepesi. Hiyo ndiyo biodizeli. Lita 100 za mafuta na lita 20 za methanoli hutoa takriban lita 100 za biodizeli. Gliserini, ya rangi ya kahawia, huzama chini.

Ugumu wote uko kwenye karai. Viazi vinapokaangwa hutoa maji, na maji yale pamoja na moto huyavunja mafuta, asidi zikabaki huru. Asidi hizo hula kostiki na kuwa sabuni. Sabuni ikizidi, pipa zima linakuwa uji usiotengana, na hasara ni yako.

Kwa hiyo chuja makombo, pasha mafuta mpaka maji yaishe, kisha pima. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone machache ya fenolftaleini, halafu dondoshea myeyusho wa gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji safi yaliyotoneshwa, mpaka rangi ya waridi itokee na kudumu. Kila mililita uliyotumia ni gramu 1 ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu 3.5 zinazotosha mafuta mapya. Kwangu mimi, asiyepima hatengenezi biodizeli, anabahatisha.

Na methanoli uiheshimu. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, kwa hiyo joto lisipite 60. Mvuke wake ni sumu, ukiinywa inapofusha, na mchana moto wake hauonekani kwa urahisi. Tafadhali, kazi hii usiifanyie jikoni, wala karibu na watoto.