Ugonjwa wa Akili na wa Pombe: Nani Analipa Hospitali?

Ndugu mutumikaji, na wewe mama unayelisoma gazeti hili nyumbani, tuchukue mufano wa mutu mumoja, bila kumutaja jina.

Bwana anatumika Kolwezi. Bibi na watoto wamebaki Kasaji, kwenye reli ya kwenda Dilolo, zaidi ya km 200 kutoka mugodi. Siku moja anaanguka kwenye ngazi ya kamyo kubwa na kuvunjika muguu. Hapo kila mutu anajua kazi yake: ambulansi inakuja, mukubwa wa posti anatia sahihi, munganga anatengeneza muguu, na hakuna anayemuuliza bibi hata franka moja.

Sasa bwana yuleyule hajavunjika kitu. Miezi mitatu hapati usingizi. Anakunywa lutuku mbele ya kwenda kazini, maana asubuhi mikono inatetemeka mpaka hawezi kufunga vifungo vya shati. Nyumbani hasemi na mutu. Nani anatia sahihi kwa ajili yake? Majirani wanasema amerogwa. Bibi anauzisha mbuzi apate kumulipa mufumu. Mwishowe inakuja barua ya kufukuzwa kazi. Kontra ikikwisha, haki ya hospitali nayo inakwisha, na yeye angali mugonjwa.

Wengi wanaangukia shimo hilo kwa sababu hawajui sheria inasema nini.

Kode ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema katika artikle ya 178 kwamba mwenye kuajiri analazimika kumutunza mutumikaji pamoja na jamaa yake wakati wa ugonjwa: munganga, upasuaji, meno, dawa, kitanda cha hospitali, na safari pia kama mugonjwa hawezi kujiendea. Inaendelea hivyo hata kama kontra imesimamishwa, mpaka mwisho wa kontra. Na mutumikaji aliyesimama kazi kwa ugonjwa anapata theluthi mbili za mushahara, na posho ya watoto yote. Soma tena neno lililoandikwa: ugonjwa. Haikuandikwa ugonjwa wa muguu au wa tumbo tu.

(Usiende kupiga mustari CNSS kwa jambo hili. CNSS inalipa pensheni, posho za jamaa, na hasara za ajali na magonjwa ya kazi. Homa na magonjwa mengine ya kila siku ni ya mwenye kuajiri.)

Inchi nyingine zimeliandika wazi zaidi. Marekani iliweka sheria mwaka 2008: asuransi inayolipia ugonjwa wa akili, pombe au madawa ya kulevya haiwezi kuwawekea wagonjwa hao mipaka mikali kuliko ya wagonjwa wengine. Kenya nayo, mwaka 2022, iliandika katika sheria yake kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kupata asuransi ya matunzo. Kwetu artikle ya 178 inatosha kuanzia, lakini inafaa kila mutumikaji aombe kuonyeshwa orodha ya matunzo ambayo kampuni yake imepatana na kliniki au asuransi. Kama magonjwa ya akili yameachwa nje, au yamepewa siku chache kuliko mengine, umwonyeshe delege wa sendika mustari huo kwa kidole. Zaidi sana ninyi wa sutretansi. Mwaka 2021 mashirika RAID na CAJJ ya Kolwezi yalichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti, wakakuta zaidi ya nusu ya watumikaji wameingia kwa sutretansi. Huko ndiko karti ya hospitali inakosekana mara nyingi.

Wengine wanauliza: pombe si amejitakia mwenyewe? Mwenye presha hatumuulizi alikula chumvi ngapi mbele ya kumupa dawa. Shirika la Afya Duniani linahesabu utumwa wa pombe kati ya magonjwa. Kipimo cha pombe mulangoni kinabaki palepale, na hakuna anayeomba mulevi aendeshe kamyo. Tunaomba atunzwe kabla ya kufukuzwa.

Na hapa mama wasikilize vizuri. Mutu aliyezoea lutuku kila siku kwa miaka, usimufungie ndani aache ghafula. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kisha jasho, homa, kuona vitu visivyokuwapo. Wengine wanakufa hivyo. Hospitalini wanampa dawa ya kutuliza mwili, wanaipunguza polepole, pamoja na vitamini B1. Siku zile za kitanda si zawadi kwa mulevi, ni matunzo kama plasta ya muguu.

Shida nyingine ni haya. Munganga anauliza: «Mama, muzee anaumwa nini?» Mama anatazama chini: «Malaria, munganga.» Basi anaandika malaria. Mwezi wa pili, malaria tena. Siku delege anapotaka kumutetea bwana mbele ya wakubwa, anafungua fishi na kukuta malaria tupu. Semeni lutuku. Semeni hapati usingizi, anasikia sauti. Munganga anafungwa na siri ya kazi yake.

Ugonjwa ukizidi nguvu za kliniki, Lubumbashi kuna Kituo Joseph Guislain cha Mafrere wa Charité, kinachotunza wagonjwa wa akili. Kutoka Kasaji ni safari ndefu, kwanza Kolwezi, kisha barabara. Kwa hiyo muombe munganga wa kampuni aandike karatasi ya kumupeleka mugonjwa, na aandike pia kama hawezi kusafiri peke yake. Kopi moja ibaki nyumbani Kasaji kwa bibi, ingine apewe delege, na tarehe iwe mbele ya tarehe ya barua yoyote ya kufukuzwa.