Mto haupimwi kwa macho

Ukivuka daraja lolote la Mto Mathare, jibu unalo tayari: maji ni meusi, yananuka, basi yamechafuka. Sawa, hujakosea. Shida ni kwamba jibu hilo halimbani mtu. Kila anayemwaga uchafu huko juu atakuambia alipata maji yakiwa hivyo hivyo. Unahitaji namba, na namba yenyewe si ngumu vile unavyodhani.

Chukua karatasi, maana mtaani karatasi ni kazi. Wale wasee wa mikokoteni wanaokusanya katoni kutoka Mlango Kubwa hadi Huruma, mzigo wao huishia kwa viwanda vinavyosaga karatasi kuukuu na kutengeneza tishu au katoni mpya. Kusaga huko kunakula maji mengi, na maji yanatoka na nyuzi, wino, gundi na wanga. Wanga tu? Kwani unga nao umekuwa sumu?

Kwa mto, ndiyo. Bakteria huula wanga, huzaana, na huku wakila wanavuta oksijeni ile ile ambayo samaki anaitegemea. Ikiisha, samaki anakufa, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanaingia na ile harufu ya mayai viza. BOD ndiyo kipimo cha hiyo oksijeni inayoliwa. Unajaza maji kwa chupa, unapima oksijeni iliyomo, unafunga, unaweka gizani kwa nyuzi 20 kwa siku 5, kisha unapima tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasema anayemwaga mtoni asizidishe miligramu 30 kwa lita. Maji ya choo yasiyosafishwa huwa na mamia.

Kiwanda makini hutuliza maji kwanza ili nyuzi zizame, halafu huyapeleka kwa bwawa linalopuliziwa hewa, bakteria wamalize kula hapo badala ya mtoni. Mashine ya kupuliza hula stima, kwa hivyo mwenye kubania bili anajua pa kuzima.

Sasa twende Webuye, kando ya Mto Nzoia, ambapo Pan African Paper Mills ilianza kutengeneza karatasi 1974. Hao walitumia miti. Mti una lignini, gundi ya asili inayoufanya usimame wima, na kuitoa lazima vipande vya mbao vipikwe kwa kemikali zenye salfa. Uliza yeyote aliyepitia Webuye enzi hizo, atakusimulia harufu na mabati yaliyoliwa na kutu. Lignini hupaka maji rangi ya strungi, na bakteria hawaiwezi haraka. Kwa siku 5 wanaigusa kidogo tu, kwa hivyo BOD inaweza kuonekana poa na maji bado ni ya kahawia. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, COD: kemikali kali na moto huchoma karibu kila kitu ndani ya saa 2 hivi. Hapo kikomo ni 50. Ukiona COD kubwa na BOD ndogo, jua kuna kitu ambacho bwawa limeshindwa kumaliza.

Kiwanda kilifungwa 2009. Kilichokiangusha ni madeni, si mto. Harufu ilipungua Webuye, na mishahara pia, hadi kundi la Rai lilipokinunua 2016. Mimi huchoka na mjadala wetu wa ati uchague kazi ama mto. Kikomo cha 30 kiliwekwa ili kiwanda kiendelee kufanya kazi, mradi kisafishe.

Lakini usiduwazwe na 30 yenyewe. Kipimo ni cha kila lita. Kiwanda kikimwaga lita 100,000 zenye BOD ya 200, hiyo ni kilo 20 za mzigo kwa mto. Kikiongeza maji safi hadi lita milioni 1, BOD inashuka hadi 20, ripoti inapendeza, na mto umebeba kilo 20 zile zile. Uliza BOD, uliza COD, halafu uliza lita ngapi kwa siku.

Unamuuliza nani? Anayemwaga maji taka mtoni anahitaji leseni ya NEMA. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, na jibu linafaa kuja ndani ya siku 21. Taja kiwanda, mto na miezi unayotaka. Wakinyamaza, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na mambo yakifika kortini, Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Hata kama hujawahi kuchota ndoo moja ya maji hayo, kesi ni yako.