Pipi za kupunguza uzito: chakula kwenye lebo, dawa mdomoni mwa muuzaji

Septemba 2025 wachapishaji wa majarida ya kitabibu ya BMJ, Uingereza, waliufuta utafiti walioutoa Machi 2024. Utafiti huo ulipima vijana 120 wa Lebanon, ukadai kwamba waliokunywa siki ya tufaha kidogo tu kila siku, isiyozidi kijiko kimoja cha chakula, walipungua kwa wastani wa kilo 6 hadi 8 ndani ya wiki 12. Wataalamu wa takwimu waliporudia hesabu hawakuyapata matokeo yale. Zaidi ya hapo, utafiti haukusajiliwa kabla ya kuanza, kama kanuni inavyotaka.

Umefutwa, lakini umeshafanya kazi yake. Kwa mwaka mmoja na nusu ndio uliotajwa na kila muuza virutubisho, na matangazo yaliyozaliwa nao bado yanazunguka kwenye simu zetu hapa Kidete, wilayani Kilosa: kopo lenye vipande laini vya siki ya tufaha, vya rangi ya damu ya mzee, vinavyotafunwa kama pipi za jeli, na maneno kwamba sayansi imethibitisha.

Waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua kalori ni nini na ini hufanya nini sukari inapozidi, kwa hiyo sitarudi huko. Leo nataka kuwapeleka kwenye kisa ambacho nimekuwa nikikisimulia darasani miaka yote niliyofundisha kemia, kwa sababu bila hicho hatutaelewa kopo hili limepitia mlango gani hadi kutufikia.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya silaha vya Ufaransa vilitumia unga wa manjano uitwao dinitrofenoli, ukichanganywa na asidi ya pikriki kutengeneza baruti ya mizinga. Wafanyakazi walioushika na kuuvuta puani walianza kukonda. Walitoka jasho jingi, joto la mwili likapanda, na baadhi yao wakafa. Madaktari wa viwandani waliandika hayo yote, vita vikaisha, karatasi zikabaki kabatini.

Mwaka 1933, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Maurice Tainter na mwenzake Windsor Cutting walitangaza kwamba unga huo, ukinywewa kwa kiasi kidogo, unapunguza unene. Na kweli ulipunguza. Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakikaa wima, maana kwa kawaida hadithi za dawa za kukonda ni za uongo, na hii haikuwa ya uongo. Ndani ya kila seli kuna vijumba vidogo, mitokondria, ambamo chakula huchomwa na nguvu yake kuhifadhiwa kwa matumizi ya mwili. Dinitrofenoli huvunja kiungo kati ya kuchoma na kuhifadhi. Ni kama mashine ya kusaga ambayo mkanda umechomoka: injini inanguruma, dizeli inakwisha, mahindi yako palepale. Chakula kinageuka joto tupu. Mwili, ukiona nguvu haipatikani, unachoma mafuta yake, na mtu anakonda huku anachemka. Mtu akizidisha kidogo, joto hilo halina breki. Hakuna dawa ya kulizima, na daktari anabaki kumpoza mgonjwa kwa barafu akiomba Mungu.

Kufikia 1934 Tainter mwenyewe alikadiria kwamba Wamarekani wasiopungua 100,000 walikuwa wameshaitumia dawa hiyo. Iliuzwa madukani bila cheti cha daktari. Mwaka 1935 wakaanza kuonekana wanawake vijana wenye mtoto wa jicho, ugonjwa ambao kwa kawaida tunauona kwa bibi zetu. Wengine walipofuka, wengine walikufa.

Kwa nini serikali haikuizuia mara moja? Jibu lake ndilo kiini cha makala ya leo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ilitambua kuwa dawa ni kitu kinachotumika kutibu ugonjwa. Unene haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Basi kitu kinachopunguza unene hakikuwa dawa mbele ya sheria, na hakikuwa chakula pia, hivyo kilipita katikati bila mtu wa kukiuliza. Ilibidi ingojewe sheria mpya ya mwaka 1938 ndipo wakaguzi wapate meno ya kuiondoa sokoni. Watu walipofuka kwa sababu ya pengo kati ya maneno mawili ya sheria, na wauzaji walilijua pengo hilo vizuri kuliko wagonjwa.

Njooni sasa nyumbani. Hadi 2019 Tanzania Bara ilikuwa na chombo kimoja, TFDA, kilichosimamia chakula na dawa pamoja. Mwaka huo kazi ziligawanywa: dawa na vifaa tiba vikabaki kwa TMDA, chakula na vipodozi vikahamia TBS. Siulaumu mgawanyo wenyewe. Ninachosema ni kwamba kopo la pipi za kupunguza uzito linajua kukaa mpakani. Kwenye lebo linajiita kirutubisho, yaani chakula, na limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba halikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Kwenye simu ya muuzaji linaitwa dawa ya kitambi, dawa ya presha, dawa ya sukari, dawa ya uzazi. Maneno hayo ya simu hayakuandikwa kwenye kopo. Mkaguzi akishika kopo anakuta chakula, ilhali mnunuzi ameuziwa dawa. Huo ni udanganyifu, na mtu anayeufanya kwa jirani yake kwa ajili ya kamisheni anatenda dhambi hata kama hakuna kifungu kinachomgusa.

Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stesheni aliniletea kopo lake. "Mwalimu, shikamoo. Hebu nisomee hapa, mimi nimeambiwa mbili asubuhi mbili jioni." Mzigo ulitoka Dar es Salaam, ukashushwa Kilosa, ukapandishwa bodaboda. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Tulikaa kwenye benchi lake tukapiga hesabu, na mtu yeyote anaweza kuipiga. Kila kipande kina miligramu 500 za siki ya tufaha. Kijiko kimoja cha chakula cha siki ni mililita 15, sawa na takriban miligramu 15,000. Basi ili apate kijiko kimoja anahitaji vipande 30. Kila kipande kilikuwa na gramu 2 za sukari, kwa hiyo vipande 30 ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana zisizidi 25. Akifuata alivyoelekezwa, vinne kwa siku, anapata siki isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai, pamoja na gramu 8 za sukari. Sukari yenyewe huko Ruhembe, katika wilaya yetu hii hii ya Kilosa, inazalishwa kwa tani, na kilo yake dukani ni bei ndogo sana ukilinganisha na kopo lile.

Na hata kijiko kizima kinafanya nini? Mwaka 2009 Wajapani 155 wenye unene walifuatiliwa kwa wiki 12, baadhi yao wakinywa siki, mililita 15 au 30 kwa siku. Waliokunywa siki walipungua kati ya kilo 1 na 2. Walipoacha, uzito ukaanza kurudi. Watafiti wenyewe walitoka katika kampuni inayotengeneza siki, kwa hiyo hakuna atakayesema walikuwa na chuki nayo.

Viungo vingine vya makopo haya havina sifa bora. Gasinia, tunda la Asia linalotajwa sana, lilijaribiwa kwa watu 135 huko Marekani na matokeo yakachapishwa 1998: halikuzidi kidonge cha bandia. Chai ya kijani iliyokolezwa sana imewahi kuumiza maini ya watu. Tena umbile la pipi lenyewe ni tatizo, kwa sababu jeli haibebi unga mwingi bila kuharibika, na kupima kiasi sawa katika kila kipande ni kazi ngumu. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za pipi za namna hii, za usingizi wala si za unene, na 22 kati yake hazikulingana na lebo. Moja haikuwa na kiungo kilichotajwa kabisa.

Kibaya zaidi ni pale kopo linapofanya kazi kweli. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula hadi 2010, ilipoondolewa Ulaya na Marekani baada ya uchunguzi wa watu wapatao 10,000 kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kukonda zinazojiita za mitishamba. Kwa hiyo ukitafuna kitu kinachojiita chakula ukasikia moyo unadunda, mdomo unakauka na njaa imekatika ghafla, usishangilie. Acha hapo hapo, chukua kopo pamoja na kifuniko chake, nenda nalo zahanati, mwoneshe mganga. Wenye presha, wajawazito na wanaonyonyesha wasianze kabisa. Na kopo lisikae mahali mtoto anapofika, maana yeye anachoona ni pipi.

Mama yule aliniuliza kama basi hakuna dawa ya kweli. Ipo, na haifanani na pipi. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, katika majaribio yaliyochapishwa 2021 ilipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, chini ya uangalizi wa daktari, na ina madhara yake. Tayari kuna makopo ya kutafuna yanayoiga jina lake. Wiki ijayo nitaeleza sindano hiyo inazungumza vipi na ubongo, kwa nini haiwezi kuwekwa ndani ya jeli ikabaki na nguvu yake, na mjusi wa jangwani aitwaye Gila anahusikaje.