Likizo ya Mpanda huanzia stesheni

Muuguzi au karani wa Mpanda akishapata barua ya likizo, haulizi bei ya hoteli ya ufukweni. Anauliza treni inaondoka lini. Anakwenda kwao, na utalii wake wote umo humo njiani.

Uingereza mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi ya mapumziko Skegness, na 1938 Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo. Familia za viwandani zikapata wiki yao: vyumba, chakula, bwawa la kuogelea na dansi usiku, vyote kwa bei moja. Biashara ile ilimtegemea mfanyakazi aliyekwisha kuagana na shamba. Wa kwetu bado ana shamba, tena lina magugu.

Reli yenyewe haikuletwa kwa ajili ya abiria. Tawi hili la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki kuwa ya watu. Daraja la tatu utamkuta mwalimu amebanana na magunia ya mchele na madumu ya asali, mtoto wa jirani amemlalia begani. Tabora wanashuka, wanasubiri treni ya Mwanza, na kufikia hapo wameshajuana ukoo mzima.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo. Zinaishia kwenye palizi, posa ya mdogo wake, tanga alilolikosa na tofali za nyumba isiyokwisha. Anarudi kazini kachoka, ila heshima yake kijijini imesimama. Sithubutu kusema hakupumzika.

Starehe ya pamoja tuliwahi kuijaribu. NUTA, chama cha wafanyakazi, kilianzisha bendi yake mwaka 1964 na kuwalipa wanamuziki mshahara. Ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma. Lakini hiyo ilikuwa burudani ya usiku mmoja. Asubuhi kila mtu yuko kwake.

Kambi za mapumziko Katavi zipo, za mahema, ndani ya hifadhi iliyotangazwa 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471. Wageni hushushwa na ndege ndogo. Mtu wa Mpanda huiona hifadhi hiyohiyo dirishani mwa basi la Sumbawanga, kwa kuwa barabara inakatiza humo. Kiangazi maji ya Mto Katuma yakipungua, viboko hulundikana matopeni karibu na Sitalike, umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini.

Kama chama cha wafanyakazi kiliweza kuwalipa wapiga tarumbeta, vyama vya leo havishindwi kukodi basi la Jumamosi hadi Sitalike, wanachama na watoto wao wakashinda huko. Ila lirudi mapema, maana Jumapili kuna vikao vya harusi.