Vumbi la Mwamba na Maradhi ya Mapafu kwa Wachimbaji wa Makaa ya Mawe

Maradhi ya mapafu yanayowapata wachimbaji wa makaa ya mawe huhusishwa kwa kawaida na vumbi jeusi la makaa yenyewe. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayajitoshelezi. Mwamba unaoyazunguka makaa una silika, na vumbi lake hudhuru mapafu zaidi.

Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni, kisha hutolewa kwa makamasi na makohozi. Chembe ndogo, zisizozidi takribani mikromita 5, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Huko seli za kinga huzimeza bila kuweza kuziyeyusha. Seli hizo huharibika, na hatimaye tishu laini ya mapafu hugeuka kovu. Kovu hilo haliponi, na huweza kuendelea kukua hata baada ya mchimbaji kuacha kazi.

Mgodi wa chini ya ardhi wa Kiwira, kusini magharibi mwa Tanzania, unadhihirisha suala hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima vumbi lililovutwa na wafanyakazi wa vitengo mbalimbali. Walioongoza kwa kuvuta vumbi laini na silika ni wachimbaji wa njia mpya, ambao hutoboa mwamba na kuulipua kwa baruti ili makaa yafikiwe.

Uzoefu wa Marekani unaonyesha athari za kupuuza tofauti hiyo. Sheria ya mwaka 1969 iliweka kikomo cha vumbi la makaa migodini, na maradhi yakapungua kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, katika milima ya Appalachia, matabaka manene ya makaa yalipokwisha, mashine zilianza kukata mwamba mwingi zaidi. Mwaka 2018 watafiti waliripoti wagonjwa 416 wenye makovu makubwa ya mapafu, waliobainika katika kliniki 3 za Virginia kati ya mwaka 2013 na 2017.

Kwa hiyo, wastani wa vumbi la mgodi mzima hautoshi kuwa kigezo cha usalama, kwa kuwa huficha hatari inayolikabili kundi dogo. Vumbi lipimwe kwa kila aina ya kazi. Mwamba utobolewe kwa kutumia maji. Hewa safi ifikishwe hadi mwisho wa njia. Na uchunguzi wa mapafu uwahusu pia wachimbaji waliokwisha kustaafu.