Karantini kwa gharama ya nani?

Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu (TB) walikamatwa Kapsabet, Kenya, wakafikishwa mbele ya hakimu, na hakimu akaamuru wakae miezi minane katika gereza la mji huo. Hawakuwa wezi wala hawakumpiga mtu. Walikuwa wameacha kumeza dawa. Walikaa ndani siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru watolewe.

Sheria iliyowapeleka huko ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika Septemba 1921. Ni sheria ya mkoloni, tena mkoloni aliyekuwa na woga wa tauni: ugonjwa huo ulipozuka Nairobi mwaka 1902, wakubwa waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Hata hivyo, wanaoilaani sheria hii nawaomba kwanza wakisome kifungu cha 27 polepole. Kinasema mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza, na ambaye anapoishi hapazuii maradhi kuenea, anaweza kuhamishwa na kutengwa. Lakini kwanza afisa wa afya atie sahihi cheti, kisha hakimu atoe amri, na hakimu anaweza kuifuta amri hiyo. Pa kumpeleka ni mahali pa kutengea watu, na atatoka pale daktari atakaporidhika kwamba hana tena hatari kwa wengine. Gharama? Ni za serikali ya mtaa alikopatikana. Mkoloni mwenyewe, pamoja na ubahili wake, alikubali kwamba ukimfungia mtu kwa faida ya wote, wote ndio wanaolipa.

Kapsabet amri ya hakimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kutengea, na badala yake pakatumika gereza. Kitabibu huo ni upuuzi. Vijidudu vya TB husafiri hewani, na selo iliyojaa watu isiyopitisha hewa ni mahali pazuri mno pa kuvieneza. Isitoshe, mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache tu. Kazi ngumu ni kumfikisha mwisho wa dozi, miezi sita au zaidi, na kazi hiyo inataka nauli ya kliniki, chakula nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi. Askari jela hana chochote kati ya hivyo. Tarehe 24 Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa wale gerezani kulivunja Katiba, akaitaka serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa wa TB bila kuwavunjia haki zao.

Miaka minne baadaye ikaja korona, na ungedhani hukumu ile haikuwahi kuandikwa.

Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, haikutangazwa chini ya sheria ya afya. Ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, sheria ya polisi, na waziri wa usalama ndiye aliyeitia sahihi. Mtu anaweza kusema hilo ni suala la makaratasi tu. Sivyo: sheria unayoichagua ndiyo inayoamua nani atatumwa barabarani na atabeba nini mkononi. Jioni hiyo hiyo, pale Likoni, Mombasa, watu waliotoka kazini kisiwani walijazana kwenye kivuko wakikimbilia kuvuka kabla ya saa moja. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watu waliambiwa wasikaribiane, wakafukuzwa kwa moshi hadi wakaangukiana, wakikohoa na kupangusa macho kwa mikono ile ile waliyokatazwa kujigusa nayo usoni. Jaji Weldon Korir aliposikiliza kesi ya Chama cha Mawakili mwezi wa Aprili, alisema kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu walizotumia polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Kufikia mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15.

Karantini nayo ikageuzwa adhabu. Wasafiri waliotua nchini walitengwa kwa lazima, kwa pesa zao wenyewe. Baadaye waliokutwa nje wakati wa kafyu nao wakapelekwa huko huko, wakachanganywa na watu ambao huenda walikuwa na virusi. Mmoja akipatikana na ugonjwa, wenzake wangeweza kuanza kuhesabu siku 14 upya, na bili ikipanda. Mwezi wa Aprili watu waliotengwa katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, Nairobi, walionekana wakiruka ukuta, mizigo mkononi. Wengi tuliwacheka. Mimi siwalaumu sana: anayejua kwamba kupimwa kutamletea deni asiloweza kulilipa hatajitokeza kupimwa, na majirani zake wakiona yaliyompata watakohoa chini ya blanketi. Mwezi wa Mei serikali ikatangaza kwamba itabeba gharama za waliotengwa katika vituo vya umma. Kifungu cha 27 kilikuwa kimeshatoa jibu hilo karibu miaka 100 kabla.

Sipingi serikali kuwatenga watu. Ebola au Marburg haisubiri mjadala bungeni, na afisa wa afya asiye na uwezo wa kufunga mlango hana maana. Ninachopinga ni kuazima nusu ya sheria: kuchukua ile inayomshika mwananchi na kuiacha ile inayoishika serikali. Mlipuko mwingine ukija, kanuni zitaandikwa usiku kwa haraka, kama za 2020 zilizoweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa asiyevaa barakoa. Ndiyo maana wabunge wetu wanapaswa kuandika sasa, kabla ya hofu, nani atalipa, ni siku ngapi, na aliyetengwa atakata rufaa wapi. Mwulize mbunge wako.